Kiti cha Mgonjwa katika Bodi ya Afya

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yafaa kukumbukwa kila halmashauri inapopitia upya sheria ndogo za vyombo vinavyoishauri kuhusu afya ya akili. Rai yangu ni kwamba mgonjwa wa akili na anayemuuguza wapewe viti kwa sheria, si kwa hisani.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 huzipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na kupitia Bodi za Huduma za Afya wananchi hushiriki kusimamia huduma. Lakini mjumbe anayewakilisha wananchi wote si lazima aijue adha ya mama wa Kumsenga ambaye, dawa ya kifafa ya mwanawe inapokosekana zahanati, hana budi kutafuta nauli ya kwenda mjini Kibondo. Anayeijua ni mama huyo, na ushauri wake hauna mbadala.

Kifungu kinachohitaji kuangaliwa kwanza ni kile cha sifa za wajumbe. Sheria zetu nyingi humwondoa katika uongozi mtu mwenye ugonjwa wa akili. Hata Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 67, imeweka sharti hilo kwa wabunge. Maneno hayo yakinakiliwa katika kanuni za chombo cha afya ya akili, yatawafungia mlango walengwa wenyewe. Badala yake iandikwe kwamba ugonjwa peke yake si sababu ya kumwondoa mjumbe. Akizidiwa, apumzike, na akipata nafuu arejee kitini pake.

Wapo wanaohofu kwamba mgonjwa atavuruga kikao. Sisi tunaotibu tunajua kwamba wengi wanaotumia dawa ipasavyo hulima, hufanya biashara na kulea watoto. Anayeweza kuongoza kaya aweza pia kushauri kuhusu zahanati. Isitoshe, Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaotaka watu hao washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu.

Kiti peke yake, hata hivyo, hakitoshi. Sheria ndogo itaje nauli na posho ya wajumbe hao, iweke uwepo wa mmoja wao kuwa sehemu ya akidi, na imtake katibu aeleze kwa maandishi, katika kikao kinachofuata, kila ushauri umetekelezwaje au kwa nini umekataliwa.

Sheria ndogo hutangazwa kwanza ili wananchi watoe maoni na pingamizi, kabla ya kupelekwa kwa Waziri kuidhinishwa. Muda huo ni wetu. Muuguzi, lisome tangazo hilo kwa sauti kliniki. Mgonjwa na ndugu yake, pelekeni maoni yenu kwa mtendaji wa kata kabla muda haujapita.