Tusianze kubana embe
Miembe ya njia ya misafara, Tabora hadi Ujiji, bado ipo, lakini mzazi akitaka familia ile vizuri, embe ndilo analopunguza kwanza. Naona tunabana pasipostahili. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku kuanzia umri wa miaka 10. Sukari ya kupunguza ni ile ya soda, juisi na hata asali yetu. Ya tunda zima haimo, kwani nyuzinyuzi huifanya iingie mwilini polepole. Mwenye kisukari naye asisuse matunda: ale kwa kiasi, apime sukari, aulize kliniki yake. Mtoto mpe embe atafune, usimkamulie.