Simu ilale sebuleni

Baridi ya Juni na Julai hapa Ufipa hutuingiza ndani mapema, na simu huingia nasi hadi ndani ya blanketi. Mwanga wake huchelewesha melatonini, homoni inayoleta usingizi, na video za muziki hufuatana zenyewe hadi usiku wa manane. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12.

Anayependa muziki si lazima auache. Tafuta kitabu kidogo kama *Wasifu wa Siti binti Saad* cha Shaaban Robert: habari za binti wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kuimba taarabu na kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Ukikikosa, kitabu cha nyimbo cha kwaya kinafaa.

Mzazi asome kurasa chache kwa sauti chini ya taa ya kutosha, watoto waulize, bibi aeleze ngoma za ujana wake. Simu ziachwe sebuleni saa nzima kabla ya kulala, na ya baba na mama zitangulie.