Utrasaundi Iwe Mkononi mwa Mkunga

Kwa miaka mingi akina mama wa nchi hii wamehimizwa katika mikutano ya hadhara, katika kliniki na hata katika nyumba za ibada kwamba wasijifungulie majumbani, bali waende kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali. Wameitikia. Takwimu za taifa za mwaka 2015-16 zilionyesha kuwa vizazi 63 katika kila 100 vilitokea katika vituo vya kutolea huduma. Ilipofika mwaka 2022 vilikuwa 81. Vifo vitokanavyo na uzazi, kwa hesabu hizo hizo, vilishuka kutoka 556 hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000. Haya ni mafanikio ambayo hata mpinzani mwenye insafu hawezi kuyabeza. Lakini mwito ukiitikiwa huzaa deni, na deni hilo sasa liko juu yetu sisi tulioita. Mama aliyepakiwa kwenye bodaboda usiku wa manane akafikishwa leba anayo haki ya kuuliza: nimekuja, je, mmeniandalia nini?

Leo tunapenda kuzungumzia sehemu moja tu ya maandalizi hayo, nayo ni kumjua mtoto amekaaje wakati uchungu umekwisha kushika.

Mtoto aliyekaa vema huja na utosi, kidevu amekibana kifuani, kisogo kimeelekea mbele ya mama na uso umeelekea mgongoni kwake. Kwa namna hiyo kichwa hupita nyongani kwa upana wake ulio mdogo. Kisogo kikielekea mgongoni kwa mama, kichwa huja kwa upana mkubwa zaidi, uchungu hurefuka, maumivu humkalia mama kiunoni na nguvu humwishia kabla ya wakati wa kusukuma. Wengi wa watoto hao hugeuka wenyewe njiani. Wanaobaki hivyo mpaka kuzaliwa ni takriban 5 katika kila 100. Yuko pia aliyelala mkingamo, ambaye hana njia ya kupita asipogeuka. Uchungu pingamizi usipotambuliwa mapema huweza kupasua kizazi, kuua mtoto, ama kumwachia mama fistula, maradhi yanayomfanya atengwe na watu kwa kosa ambalo si lake.

Mkunga huyatambua mambo haya kwa mikono yake. Hupapasa tumbo, kisha kwa vidole hutafuta mishono ya mifupa ya fuvu la mtoto ili ajue kisogo kiko upande gani. Huo ni ujuzi wa thamani, na hatutaki msomaji adhani kuwa tunaudharau. Bahati mbaya ni kwamba vidole hushindwa pale pale vinapohitajiwa zaidi. Uchungu ukikaa sana, ngozi ya kichwa cha mtoto huvimba na mishono hufunikwa, ikawa mkunga anapapasa uvimbe tu. Utafiti uliofanywa Ireland na kuchapishwa mwaka 2014, kwa akina mama wa uzazi wa kwanza waliokuwa karibu kusaidiwa kwa vyombo, ulionyesha kuwa waliotumia vidole peke yake walikosea mkao wa kichwa mara 20 katika kila 100. Walioongezewa utrasaundi walikosea chini ya mara 2. Na hao walikuwa wataalamu wa hospitali kubwa za Ulaya. Wala si aibu kwa mkunga wa kituo cha afya cha kijijini kukosea pale ambapo na wao wamekosea.

Utrasaundi yenyewe si uchawi, na wala haina mionzi kama eksirei. Ni mawimbi ya sauti tusiyoyasikia yanayopelekwa mwilini na kurudi yakiwa picha. Daktari Ian Donald wa Glasgow na wenzake waliitangaza kwa ulimwengu wa tiba mwaka 1958, wakitumia maarifa yaliyokuwa yakitumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Mama akiwa katika uchungu, kifaa huwekwa juu ya kinena. Yakionekana mapango mawili ya macho yameelekea mbele, basi kisogo kiko nyuma. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mama hubaki katika stara yake. Kweli, haiondoi haja ya kupima njia ilivyofunguka, lakini humpunguzia mama kupimwa kwa vidole mara kwa mara na watu mbalimbali, kila mmoja akija na jibu lake.

Sasa tusikilize upande wa pili, maana una hoja. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba akina mama waliopimwa mkao wa mtoto kwa utrasaundi waliishia kwenye upasuaji na vyombo mara nyingi zaidi kuliko wenzao, pasipo faida iliyoonekana kwa mtoto. Hata ule wa Ireland haukuonyesha kuwa majeraha yalipungua. Yaani daktari akiisha kuona kisogo kiko nyuma, huingiwa na haraka, akasahau kwamba wengi hugeuka wakipewa muda. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa utrasaundi ya uzazi, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, hakikusema kila mzazi apimwe. Kilielekeza kipimo kwa uchungu uliokwama, na kabla ya kumvuta mtoto kwa vyombo. Nasi tunashika hapo hapo. Mashine ikiwa kisingizio cha kisu, afadhali isije.

Hata hivyo hali ya kituo cha afya kisicho na chumba cha upasuaji si hali ya hospitali ya Ufaransa. Huko swali si kisu au vyombo. Ni kumsafirisha mama sasa hivi au kungoja. Mfumo wa m-mama wa kusafirisha wazazi kwa dharura upo, lakini gari huja likiitwa, na anayeita ni mkunga aliye peke yake zamu ya usiku. Kumwonyesha mkunga huyo kwamba mtoto amelala mkingamo kunaokoa saa ambazo barabara mbovu haziwezi kuzirudisha. Kumwonyesha kwamba mtoto amekaa vema kunamwondolea mama safari ya bure. Hiyo ndiyo faida tunayoitaka.

Wapo wasemao kuwa hii ni anasa ya mataifa tajiri. Tunawaomba wapite katika miji yetu wasome vibao. Utrasaundi ya kumtazama mtoto kama ni wa kike au wa kiume inapatikana kwa kila mwenye fedha mfukoni, mchana kweupe, wakati hakuna hatari yoyote. Inayokosekana ni ile ya saa nane za usiku. Madaktari wa Tanzania waliohojiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 walisema hivyo hivyo: kipimo ni cha lazima, ila hakipo kila kinapohitajika.

Kununua mashine ni hatua rahisi kuliko zote, na viongozi huipenda kwa sababu ina utepe wa kukata. Mashine ikifika huwekwa chumba cha eksirei, hufungwa kwa kufuli jioni, na uchungu haufuati saa za ofisi. Tunapendekeza iwe ndogo, yenye betri, ikae leba, na mkunga afundishwe kuitumia kwa maswali machache tu: kichwa kiko wapi, kisogo kiko upande gani, moyo unapiga? Ugonjwa wa figo na mengineyo awaachie wenyewe. Majibu ayaandike papo hapo kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, ambayo katika leba nyingi hujazwa mama akiisha kujifungua.

Madiwani wanapojadili bajeti za halmashauri, fungu la ununuzi wa mashine lisipitishwe pasipo fungu la mafunzo na la matengenezo kuwekwa kando yake. Kisha mganga mkuu wa wilaya aulizwe mbele ya kikao, na jibu liandikwe katika kumbukumbu: mashine itakaa chumba gani, na usiku ufunguo atakuwa nao nani?