Njia Inapopanda, Mlango Huzama: Hali ya Vichochoro vya Mji Mkongwe

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hujulikana zaidi kwa milango yake ya nakshi. Wakati wa masika, hata hivyo, kinachostahili kutazamwa ni kizingiti cha mlango na kimo cha kichochoro kilicho mbele yake.

Vichochoro vingi havikuchorwa na mpimaji. Nyumba zilijengwa, na nafasi iliyobaki kati ya kuta ikawa njia. Wembamba huo una faida, kwani kuta ndefu hutupa kivuli sehemu kubwa ya mchana. Mabaraza nayo hayakuwa ya kahawa na mazungumzo pekee. Maji yalipojaa njiani, watu walipita juu yake.

Tatizo ni kupanda kwa njia. Kila tabaka jipya la saruji au matofali linapowekwa juu ya la zamani bila kuchimbua kwanza, njia huinuka kwa sentimita kadhaa. Baada ya matengenezo machache, mlango uliokuwa wa kupandia huwa wa kushukia, na maji huingia ukumbini. Mwenye nyumba hujikinga kwa tuta la saruji kizingitini; kwa kweli amemhamishia jirani mafuriko.

Madhara hayaishii sakafuni. Kuta hizo za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu kutoka chini na kuutoa taratibu kwa nje. Zikipigwa plasta ya saruji, unyevu hubaki ndani, chokaa hulegea, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyolala ukutani huoza. Nyumba inaweza kuonekana nadhifu kwa nje huku ikidhoofika.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, husimamia ujenzi na matengenezo katika eneo hilo. Lakini kibali cha nyumba mojamoja hakitoshi pale ambapo kichochoro ni cha wote. Kila anayechimba njia kupitisha bomba au waya anapaswa kuirudisha katika kimo chake cha awali, na kimo hicho kipimwe kutoka kwenye vizingiti vya zamani. Kwa wakazi, hatua ya karibu ni kuzibua mifereji kabla ya Machi na kuomba ushauri wa Mamlaka kabla ya kuinua kizingiti, hata kwa tofali moja.