Baba na chama chake: kwa nini habanduki?

Leo tuzungumzie jambo linalonunisha watu ndani ya nyumba nyingi, hasa uchaguzi unapokaribia. Kijana anamuuliza mzazi wake: "Baba, barabara ni mbovu, zahanati haina dawa, bado unavaa fulana ya chama hicho hicho?" Mzee ananyamaza. Kijana anasema mzee kapitwa na wakati, mzee anasema mtoto kaharibiwa na mjini. Chakula kinaliwa kimya.

Kabla ya kulaumiana, tujiulize kinachomfunga mtu na chama. Vijana wengi huona chama kama duka: ukiuziwa mchele wenye mawe, unavuka barabara kwenda duka la pili. Wazee wengi hawakuingia chamani kwa mlango huo.

Kwanza kuna kumbukumbu. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na aliyekata kadi yake miaka ile alikata kadi ya uhuru. Februari 5, 1977 TANU na ASP ziliungana kuzaa CCM, na kadi ya zamani ikapata mrithi. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni ya wananchi mwaka 1991, takriban asilimia 80 walitaka tubaki na chama kimoja. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Watu wale hawakubadilika mioyo siku sheria ilipobadilika. Ndio wazazi na babu zetu wa leo.

Pili, chama kiliingia mpaka uani. Balozi wa nyumba kumi ndiye aliyejua nani kafiwa na nani ana mgeni, na ndiye aliyeamua ugomvi wa mume na mke kabla haujafika mbali. Mama aliyekuwa UWT alipata humo wenzake wa kushika naye sufuria siku ya msiba. Ukimwambia leo aache chama, yeye anasikia kwamba aache watu wake. Tusifiche pia kwamba wapo wanaobaki kwa sababu ya cheo, tenda au hofu ya kunyooshewa kidole mtaani. Hao nao wana familia za kulisha.

Tatu, kuna machungu, na hapa upinzani nao una wafuasi wasiobanduka. Aliyepoteza ndugu Pemba katika vurugu za Januari 2001 hawezi kuzungumza siasa kama anayejadili bei ya sukari. Chama kwake ni kaburi la ndugu yake. Ndiyo maana Machi 2019, Mahakama Kuu ilipotoa hukumu iliyompa Profesa Lipumba uenyekiti wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad alihamia ACT-Wazalendo siku ileile na umati wa watu ukamfuata. Matawi yalibadilishwa rangi na bendera zikashushwa. Aliyedhani watu wale walipenda jina la CUF tu alijifunza kitu: walikuwa waaminifu kwa kiongozi wao na kwa yale waliyopitia pamoja.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini hoja za takwimu mezani hazimgeuzi mzee. Unapoponda chama chake, yeye anahisi unaponda ujana wake, marafiki zake na marehemu wake.

Lakini kuelewa sio kukubali kila kitu. Uaminifu unageuka sumu pale unapodai na wengine waufuate kwa nguvu. Zanzibar ililiona hilo mapema. Baada ya uchaguzi wa 1957 watu waligomeana maduka na mabasi, wengine wakasusiana hata mazishi. Na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 ziliripotiwa habari za wanawake visiwani walioachwa na waume zao kwa sababu hawakupiga kura kama walivyoagizwa. Fikiria, mama anarudi kwao na watoto kwa sababu ya alama moja kwenye karatasi.

Waume, hapa niseme wazi. Katiba yetu, ibara ya 5, inampa haki ya kupiga kura raia aliyetimiza miaka 18, na haisemi "isipokuwa mke wa fulani". Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Kura ni siri, hata kwa aliyelala naye kitanda kimoja. Mahari haikununua kura.

Na ninyi vijana, mkitaka kuzungumza na wazee, anzeni kwa kuuliza na sio kwa kushambulia. "Babu, siku uliyojiunga ilikuwaje? Nani alikupeleka?" Msikilizeni mpaka mwisho. Baada ya hapo semeni yenu: ajira hamna, mikopo inawabana. Mzee aliyesikilizwa naye husikiliza. Huenda asibadili kadi, lakini huenda akamuuliza diwani wake swali gumu kwenye mkutano, na swali la mwanachama wa miaka 40 lina uzito kuliko kelele za mpita njia.

Kwa wote, wekeni mipaka ya nyumba. Fulana na bendera zisiingie kwenye harusi wala msiba. Watoto wadogo wasifundishwe kutukana chama cha shangazi yao. Ubishi ukipanda, mmoja anyamaze, na kunyamaza huko kusihesabiwe kuwa kushindwa.

Vyama vinaungana, vinagawanyika, viongozi wanahama usiku na asubuhi wanapokewa kwa ngoma. Wewe ukiugua, atakayekubeba ni ndugu yako wa chama kile unachokichukia. Usimpoteze kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lako halijui.