Mwacheni mwalimu wa Kiingereza aseme Kiswahili

Zipo sekondari ambazo mwanafunzi akisema Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza anaadhibiwa, na mwalimu mwenyewe anakitumia kwa kuibia: anatoa maana ya neno moja, kisha anafunga mlango. Matokeo yake nayaona jioni barazani kwangu hapa Miyuji, Dodoma, ninakowasaidia watoto wa majirani tangu nistaafu kufundisha somo hilo. Daftari la kidato cha kwanza limeandikwa: "put" kuweka, "place" kuweka, "set" kuweka, "lay" kuweka, "keep" kuweka.

Kwa orodha hiyo mtoto ataandika "keep the bucket here" akitaka tu ndoo iwekwe chini. Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba ndoo itunzwe hapo, isiondolewe. Alichotaka mtoto ni "put".

Nyumbani mtoto huyohuyo hachanganyi. Akiambiwa abandike maharage anakwenda jikoni, akiambiwa atenge chakula anatafuta sahani. Anajua kwamba shuka hutandikwa, nguo mbichi huanikwa, koti hutundikwa na chumvi hutiwa. Kuchagua kitenzi kwa kuangalia kitu na mahali kinapokwenda ni jambo alilolijua kabla ya kuanza shule. Darasani tunamlazimisha alisahau.

Chukua "lie" na "lay", jozi inayowasumbua hata Waingereza wenyewe. Kwetu ni lala na laza, basi. Miyuji nyumba zinaota kila upande, kwa hiyo nawaonyesha fundi: yeye analaza tofali, hiyo ni "lay", tofali limelala ukutani, hiyo ni "lie". Kinachobaki ni mtego wa wakati uliopita, kwa kuwa "lie" ikiwa ya jana inageuka "lay", na "lay" inageuka "laid". Vivyo hivyo "sit" na "set" zilianza kama keti na ketisha, ingawa leo "set" imetanuka hadi kutega mtego, kurekebisha saa na kutunga mtihani. "Place" ni kuweka kwa uangalifu mahali palipokusudiwa, ndiyo maana maelekezo ya maabara huipenda. Anayekwama atumie "put". Mara nyingi itamvusha.

Si kila mara lugha hizi mbili zinalingana. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la Uwanja wa Ndege wa Msalato, hapa hapa Dodoma. Sisi tunasema kuweka jiwe, Kiingereza kinasema "lay". Tofauti ya namna hiyo mwalimu huieleza kwa dakika mbili akiruhusiwa Kiswahili. Akikatazwa, wanafunzi wanaikariri bila kuielewa.

Najua hofu ya wazazi: Kiswahili kikiingia darasani, Kiingereza kitatoka. Inaeleweka, kwa sababu mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, utaratibu ulioanza mwaka 1967, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo ni Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais kuhusu elimu, maarufu kama Tume ya Makweta, ilipendekeza Kiswahili kifike hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sidai lugha ya kufundishia ibadilishwe leo. Ninachodai ni kidogo zaidi: katika somo la Kiingereza lenyewe, mwalimu awe huru kuanzia kwenye kile mtoto anachokijua.

Walimu wenzangu, msiandike kitenzi ubaoni peke yake. Kiandikeni pamoja na kitu chake na mahali pake, kisha mwanafunzi asimame akifanye kitendo hicho kwa mikono. Nanyi wakuu wa shule, futeni adhabu ya kusema Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza kabla muhula ujao haujafunguliwa.