Nozeli Kubwa Si Dawa ya Injini Inayogonga

Huku Nkuhungu ninakopanga, jioni ubishi wa Simba na Yanga ukiisha gereji unaanza ubishi wa Subaru. Siku hizi umehamia kwenye kupulizia tabo maji: unafunga tangi dogo, pampu ya umeme na nozeli, halafu mchanganyiko wa maji na methanoli unaingia pamoja na hewa inayokwenda kwenye injini. Swali ni moja tu, ununue nozeli namba ngapi? Na jibu ninalolisikia ni moja pia: weka kubwa, Dodoma kuna joto.

Mimi nalipinga jibu hilo, na nalipinga kama mwalimu mtarajiwa, si kama mwenye gari. Gari sina. Bumu lenyewe mnalijua.

Tuelewane kwanza. Nozeli ninayoisema si ile ya petroli ambayo fundi huisafisha gari likikosa nguvu. Hii ni ya nyongeza, inafungwa kwenye bomba la hewa baada ya interkula. Impreza na Forester nyingi za tabo zilizoko mtaani zilitumika kwanza Japani, ambako petroli ya daraja la juu ina oktani karibu 100. Petroli ya pampu zetu haifiki huko. Tabo inakandamiza hewa, hewa inapata moto, mchanganyiko ndani ya silinda unajilipukia wenyewe bila kusubiri moto wa plagi uufikie, na hapo injini inagonga. (Fundi akikwambia "imenoki" ujue imeshakufa. Mimi nazungumzia mlio unaotangulia msiba.) Maji yakigeuka mvuke hufyonza joto jingi sana, kama kilojuli 2,260 kwa kila kilo. Methanoli hufyonza karibu nusu ya hapo, lakini yenyewe inaungua na inastahimili mgandamizo vizuri. Ndiyo maana wengi huchanganya nusu kwa nusu.

Sasa, nozeli inafuata nini? Haifuati joto la Dodoma. Inafuata petroli ambayo injini inakunywa ukikanyaga mpaka mwisho. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mchanganyiko uwe asilimia 10 hadi 20 ya petroli hiyo, kwa ujazo.

Chukua Impreza WRX ya lita 2 yenye nguvu za farasi 250. Injini ya petroli yenye tabo ikifanya kazi kwa nguvu zote hutumia takriban kilo 0.27 za petroli kwa kila farasi kwa saa. Kwa farasi 250 ni kama kilo 68 kwa saa, sawa na lita 91 au 92, yaani karibu mililita 1,520 kwa dakika. Asilimia 15 ya hiyo ni mililita 228 kwa dakika. Hicho ndicho unachokitafuta dukani.

Ukifika dukani kuna mitego miwili. Wa kwanza, namba kwenye nozeli nyingi ni galoni kwa saa, na ni galoni ya Marekani, lita 3.785. Kwa hiyo namba 1 ni mililita 63 kwa dakika, na namba 3 ni kama 189. Wa pili, namba hiyo mara nyingi imepimwa kwa presha ya bari 7, wakati pampu yako huenda inasukuma bari 10. Hapo usizidishe kwa 10 ukagawa kwa 7. Kwanza toa presha ya tabo, maana nayo inasukuma kurudi nyuma: bari 10 toa 1, zinabaki 9. Halafu mtiririko unaongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha, siyo kwa presha yenyewe. Kipeuo cha pili cha 9 kwa 7 ni 1.13. Basi namba 3 itatoa mililita 214 hivi, ambayo ni asilimia 14 ya petroli. Inatosha kabisa. Ile namba 7 inayosifiwa itatoa karibu 500. Hiyo ni theluthi ya petroli yote! Injini itakohoa, moto utashindwa kuenea vizuri ndani ya silinda, nguvu zitapungua, na maji mengine yatapita pembeni mwa pistoni hadi kwenye oili.

Na hoja ya joto? Ina ukweli nusu. Hewa ya moto ni sababu ya kusogea kutoka asilimia 12 kwenda 15, siyo kutoka namba 3 kwenda 7. Halafu tunasahau kwamba tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina presha ya kama bari 0.89, wakati Dar ni 1.01. Geji ikisoma bari 1, injini ya Dar inapata jumla ya 2.01 na ya hapa inapata 1.89. Hewa pungufu kwa asilimia 6 hivi inataka petroli pungufu, na petroli pungufu inataka nozeli ndogo. Aliyeko Dar akikutumia namba yake, usiikuze.

Kinachoniudhi ni kwamba hesabu hii ni ya kidato cha tatu. Ni mada ya viwango na mabadiliko, ile tunayoimba darasani kwa Kiingereza, ya kitu kubadilika sawia na kipeuo cha pili cha kingine. Fundi aliyepita shuleni aliikariri, akajibu mtihani, ikaishia hapo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwa Kiswahili kwamba hiyo ndiyo nozeli. Sisi wa ualimu tunaokwenda mazoezi ya kufundisha tunabeba mifano ya machungwa na wafanyakazi wanaochimba mtaro, wakati nje ya geti kuna mtu anakaribia kuua injini ya mamilioni kwa swali hilohilo.

Hata ukipata namba sahihi, usiongeze presha ya tabo siku hiyo hiyo. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani iliuza gari la tabo, Jetfire, lililokuja na tangi la maji na methanoli toka kiwandani. Wenye magari wengi walisahau kulijaza. Bahati yao, watengenezaji waliweka kinga: tangi likiisha, presha inashuka yenyewe. Kifaa chako cha kuagiza kinaweza kukosa kinga hiyo. Ukiacha presha ya kiwandani, maji yakiisha njiani kuelekea Kondoa unarudi ulipokuwa. Ukiwa umeipandisha, unarudi na lori.

Maji ya bomba usiweke. Hapa Dodoma tunakunywa maji ya visima vya Makutupora, na chumvi unayoiona kwenye birika ndiyo itakayoziba tundu la nozeli. Tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri, na soma lebo kwanza, maana kuna chupa zinazofanana nazo ambazo ndani ni asidi.

Kuhusu methanoli sina utani. Haina rangi, inanukia kama pombe, na kiasi kidogo tu kinapofusha au kuua. Mei 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Kwenye geto la watu wanne, isikae hata usiku mmoja ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Iache gereji, kwenye dumu lake, iandikwe SUMU kwa herufi kubwa, na ufunguo akae nao mtu mmoja.